Chelewa chelewa, tutamkuta mwana si wetu

Safari ya kwanza ya watoto wengi wa Dar es Salaam ni ile ya kutoka wodi ya uzazi kwenda nyumbani. Mtoto hutolewa amefungwa kanga, akapokewa na bibi au shangazi, akapakatwa kiti cha nyuma cha teksi, na gari likaondoka kuelekea Magomeni, Buguruni au Mbagala. Kila aliyemo humchunga kama yai. Dereva amefunga mkanda, na pengine wa pembeni yake naye amefunga. Mchanga huyo, aliye dhaifu kuliko wote, hana kinachomshikilia ila mikono ya anayempenda.

Mazoea hayo hayaishii siku ya kwanza. Asimame mtu Jumamosi ya kuelekea Idi au Krismasi pale Mtaa wa Msimbazi unapokatana na Uhuru, atazame magari yanayotoka Kariakoo yakiwa na mizigo ya sikukuu. Ataona mtoto wa mwaka mmoja amekaa mapajani mwa mama kiti cha mbele, mikono yake midogo ikichezea dashibodi. Ataona wa miaka mitatu amesimama katikati ya viti viwili vya mbele ili aone barabara. Ataona Noah yenye watoto watano nyuma, na mkanda hata mmoja haujavutwa. Magunia ya mchele yamefungwa kamba juu ya keria yasidondoke. Watoto hawakufungwa.

Hatukusudii kubeza kupakata. Kupakata ni malezi, ni upendo, na ndiyo namna mama zetu walivyotulea. Lakini mapaja yalikuwa salama kwenye mkeka na barazani, mahali ambapo hakuna mwendo. Ndani ya gari hali ni nyingine, na upendo wa mzazi hauwezi kubadili hesabu zake.

Hesabu zenyewe ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, likigonga ukuta, asiyefungwa hupata kishindo sawa na cha kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu ya jengo lolote la Kariakoo. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ghafla ndani ya nusu mita, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji inayochomoka mikononi kwa mpigo mmoja. Hakuna mama wala baba, hata awe mpagazi wa Shimoni, sokoni Kariakoo, anayeweza kuizuia.

Wapo wanaojifariji kwamba katikati ya jiji hakuna mwendo, foleni ndiyo dereva. Hata kwa kilomita 30 kwa saa, kishindo ni cha kuanguka kutoka mita tatu na nusu, sawa na kutupwa kutoka juu ya paa la nyumba ya Kiswahili. Na foleni hailali barabarani usiku kucha. Tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, familia zinazokwenda sokoni usiku hukuta barabara za Morogoro na Nyerere zimefunguka, na magari yanakwenda kwa kasi ambayo mchana haiwezekani.

Udhaifu wa mtoto nao una sababu zake. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Kichwa hicho kizito kinabebwa na shingo ambayo mifupa yake bado haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mwili ukizuiwa na kichwa kikiachwa kiende, shingo ndiyo inayolipa. Ndiyo sababu mtoto mdogo hutakiwa kukaa akitazama nyuma ya gari: kishindo kinapokuja, mgongo, shingo na kichwa vyote hupokewa kwa pamoja na mgongo wa kiti. Wazo hilo lilianza kufanyiwa kazi Sweden katika miaka ya 1960, na Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka mtoto aketi hivyo angalau mpaka atimize miezi 15. Wasweden wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma mpaka wanapofikia umri wa miaka minne.

Ukosefu wa kiti umezaa ujanja ulio hatari kuliko ukosefu wenyewe. Mama humweka mtoto mapajani, kisha huvuta mkanda mmoja ukawazunguka wote wawili. Ajali ikitokea, uzito wa mama humbana mtoto kwenye mkanda huo huo uliotakiwa kumwokoa. Wengine huwakalisha watoto kiti cha mbele ili wasilie, wakisahau kwamba ndani ya dashibodi umo mfuko wa hewa uliotengenezwa kwa kifua cha mtu mzima, nao hufumuka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto. Hata kiti kinachotazama nyuma hakiruhusiwi kufungwa mbele pasipo kuzimwa mfuko huo. Kwa mtoto, mahali ni nyuma.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba magari tunayoendesha yalikuja yakiwa tayari kumpokea mtoto. Sehemu kubwa ya magari madogo ya jiji hili yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Huko, tangu Aprili 2000, sheria inataka mtoto wa chini ya miaka sita akalishwe kwenye kiti chake. Tangu 2012 magari mapya ya nchi hiyo yamelazimika kuwa na ndoano za chuma za kufungia kiti hicho, zilizofichwa kwenye mkunjo wa kiti cha nyuma. Mmiliki wa kwanza alizitumia kwa mwanawe. Gari limevuka bahari, ndoano zimevuka nalo, kiti kimebaki Japani. Mmiliki wa pili, Ilala au Kinondoni, hupitisha mkono pale akitafuta sarafu iliyodondoka, akagusa chuma asichojua ni cha nini.

Sasa yanaingia magari mapya ya umeme. Yanatangazwa kwa umbali yanaoweza kwenda kwa chaji moja, kwa upana wa skrini na kwa ukimya wake. Katika masoko mengi duniani kiti cha mtoto kinachotazama nyuma huwa ni nyongeza ya hiari, huagizwa pembeni, hulipiwa pembeni, na mara nyingine husubiriwa wiki kadhaa baada ya gari kufika. Familia hupokea gari leo, kiti kikaja baadaye, na katikati mtoto hupakatwa kama kawaida. Magari haya huwa mazito kwa sababu ya betri, tena huchomoka haraka. Tukiruhusu mazoea ya mitumba yahamie kwenye magari ya kesho, tutakuwa tumebadilisha nishati tu na kuacha hatari pale pale.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, wakati ambapo gari la familia lilikuwa la wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya taifa ya viti vya watoto. Jambo hili si geni mezani. Kati ya 2015 na 2019 nchi yetu ilikuwa moja ya nchi tano duniani zilizochaguliwa na mpango wa Bloomberg wa usalama barabarani ili kusaidiwa kuimarisha sheria zake. Wanasheria wamechambua, madaktari wameeleza, semina zimefanyika Dar es Salaam na Dodoma. Baada ya yote hayo, askari wa usalama barabarani anayesimamisha gari pale makutano ya Fire huuliza leseni, bima na kizimamoto. Mtoto aliyepakatwa mbele humwona, akampungia mkono, gari likaruhusiwa kuondoka.

Kwa nini jambo lililo wazi hivi linacheleweshwa? Tunaamini ni kwa sababu vifo vyake haviji kwa kishindo. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, moshi ulionekana jiji zima na tume ikaundwa. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, taifa lilikesha likisikiliza sauti kutoka chini ya kifusi, na ukaguzi wa majengo ukaamriwa. Basi la wanafunzi kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu Mei 6, 2017, na kuondoka na wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, nchi nzima ililia. Mtoto anayerushwa kutoka mapajani mwa mama yake hufa peke yake, katika barabara isiyotajwa, na msiba wake huishia kwenye turubai la mtaani. Vifo vya mmoja mmoja haviundiwi tume, japokuwa Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Na hapa ndipo ucheleweshaji unapokuwa na gharama ya pekee. Barabara iliyochelewa kujengwa bado itamfaa aliyeisubiri. Kiti cha mtoto hakiko hivyo. Kipindi ambacho mtoto anahitaji kutazama nyuma kwa lazima ni cha miezi, na kikipita hakirudi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2015, mazungumzo haya yalipopamba moto, sasa yuko shule ya msingi. Sheria ikipitishwa kesho asubuhi, kiti hicho hakimwenei tena. Kizazi kizima kimepita kikipakatwa, na waliosalimika wamesalimika kwa kudra. Kila mwaka wa bajeti unaopita ni kundi jingine la watoto lililozaliwa, likavuka umri wa hatari kubwa na kwenda zake, pasipo dola kutimiza wajibu wake kwao.

Gharama haziishii makaburini. Mtoto aliyeumia ubongo au uti wa mgongo huhitaji kulelewa miaka mingi. Mama aliyekuwa akiuza vitenge Mtaa wa Kongo hufunga biashara ili amuuguze, baba hukopa, ndugu huchoka, na taifa hupoteza nguvu kazi mbili kwa mpigo, ya mlezi na ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti sahihi cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto ndani ya magari kwa angalau asilimia 60. Ni dawa chache sana katika hospitali zetu zenye uhakika wa namna hiyo.

Hoja za kupinga tunazijua, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba Watanzania wengi hawana magari. Watoto wao hupanda daladala, bajaji na mwendokasi, au hubanwa katikati ya mama na dereva wa bodaboda kwa mtindo ambao mtaa umeuita mshikaki. Ni kweli, na kiti cha mtoto hakitawafikia hao wote. Wao wanahitaji mwendo upunguzwe kuzunguka soko, shule na zahanati, na mshikaki ukomeshwe barabarani. Lakini kushindwa kumlinda mtoto wa bodaboda hakuwezi kuwa sababu ya kumwacha wa gari. Nyumba mbili zikiungua, mzimaji hakai barazani kwa kuwa ndoo ni moja.

Hoja ya pili ni bei. Kiti kizuri ni ghali kwa kijana anayeendesha IST ya mkopo akitafuta abiria kwa programu ya simu. Hata hivyo, ukienda kwa wafunga vifaa vya magari wa Gerezani utaona tunachokipa kipaumbele. Rimu, redio na karatasi nyeusi za vioo hufungwa siku hiyo hiyo, pesa mkononi. Mitaa ya Kariakoo huuza neti ya mtoto, beseni, kigari cha kusukuma na nguo za sikukuu mpaka njia haipitiki, lakini kiti cha gari mara nyingi ni kitu cha kuagiza na kungoja. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawajawahi kushindwa kuleta bidhaa inayotakiwa. Hawaleti kisichoulizwa, na hakiulizwi kwa kuwa sheria haikitaji.

Kuhusu bei yapo mafunzo ya wenzetu. Ufilipino, iliyokuwa nasi katika orodha ile ya nchi tano za mpango wa Bloomberg, ilipitisha sheria ya viti vya watoto mwaka 2019. Siku ya kuitekeleza ilipofika Februari 2021, katikati ya janga la UVIKO-19, wananchi walilalamika kwamba viti ni ghali na maandalizi hayatoshi, na rais wao akaamuru utekelezaji uahirishwe. Fundisho lake ni kwamba viti vianze kufika madukani kwa bei ya kubebeka, kisha faini ndipo zifuate. Afrika Kusini nayo, kuanzia Mei 2015, ilianza na walio wadogo zaidi: mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mwendo huo wa hatua kwa hatua unawezekana hapa.

Kwa hiyo gazeti hili linatoa wito ulio wazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ipeleke bungeni kifungu cha viti vya watoto chenye tarehe ya kuanza kutumika, kikianza na wachanga na wa chini ya miaka mitatu kwenye magari binafsi, na kipige marufuku mtoto mdogo kukaa mbele. Wizara ya Fedha ikiondolee kiti hicho kodi, kwa kuwa ni kifaa cha afya kama chandarua, wala si samani ya sebuleni. Shirika la Viwango Tanzania litangaze kiwango kinachokubalika na kukagua vinavyoingia, maana kiti bandia, au cha mtumba kilichokwisha kupata ajali, humpa mzazi amani ya uongo.

LATRA, inayosimamia usafiri wa nchi kavu, iyataka makampuni ya teksi za mtandaoni yawe na magari yenye viti vya watoto ambayo mzazi anaweza kuyaita, na iyaangalie kwa jicho kali magari yanayobeba wanafunzi wa chekechea yakiwa yamejazwa kama dagaa. Wauzaji wa magari mapya, ya umeme na ya mafuta, wasikabidhi gari kwa familia yenye mchanga huku kiti kikiwa bado kinangojwa. Kliniki za mama na mtoto, ambazo zimefaulu kuwafundisha akina mama chanjo na lishe, ziongeze somo moja la dakika kumi: mtoto anasafirije. Nazo hospitali zenye wodi za uzazi zifikirie kuwa na viti vichache vya kuazima, ili walau safari ile ya kwanza iwe salama.

Jiji nalo lina la kufanya lisilongoja Bunge. Mitaa ya Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, ina watembea kwa miguu wengi kuliko magari. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa hapo, mchana na usiku, ungemlinda mtoto aliye ndani ya gari na aliye mgongoni mwa mama akivuka barabara.

Mzazi naye hana haki ya kujificha nyuma ya Serikali. Aliyeweza kununua gari na kulilipia bima amekwisha kulipa gharama kubwa. Kiti ni sehemu ndogo iliyobaki. Leo hii, kabla ya sheria yoyote, mtoto ahamishwe kutoka kiti cha mbele, mkanda mmoja usifungwe kwa watu wawili, na ndoano zile zilizofichwa kwenye mkunjo wa kiti zitafutwe. Ndugu wanaochangia sherehe ya arobaini wafikirie kununua kiti badala ya doti ya kumi ya kanga.

Wahenga walimwonya mzazi mzembe kwamba akichelewa chelewa atamkuta mwana si wake. Kwa Tanzania onyo hilo limetoka kwenye methali na kuingia barabarani. Bunge lina uwezo wa kutunga sheria hii, Hazina ina uwezo wa kuondoa kodi, na Kariakoo ina uwezo wa kuleta viti vya kutosha kabla ya msimu ujao wa sikukuu. Kila kilichohitajika kujulikana kimejulikana. Kuanzia sasa, mtoto atakayerushwa kutoka mapajani mwa mama yake asiandikwe kuwa ni bahati mbaya. Aandikwe kwenye hesabu ya waliochelewesha.